Huyo Wastani Analala Wapi?

Marehemu baba yangu alikuwa Mbondei wa Muheza, na katika maisha yake yote sikumsikia akijivunia kitu kuliko machungwa ya kwao. Alipohamishiwa Njombe kufundisha shule ya msingi, mimi nikiwa bado sijaanza kusoma, mizigo yetu ilikuwa vitanda viwili, sanduku la vitabu, na mche mmoja wa mchungwa. Mizizi yake ilikuwa imefungwa kwa gunia lililonyunyiziwa maji njia nzima, kutoka Tanga hadi Nyanda za Juu Kusini. Majirani waliokuja kutupokea waliutazama mche ule kwa adabu. Kisha mmoja wao, mzee wa Kibena aliyekuja kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, akasema kwa upole: "Mwalimu, huku tunaotesha miti inayojua kuvaa koti."

Nimeikumbuka sana kauli hiyo mwaka huu. Ninaandika juu ya mchungwa ule mmoja, na juu ya michungwa mingine mingi iliyokufa miaka mingi baadaye, kwa sehemu kutokana na sentensi niliyoiandika mimi. Wasomaji wa safu hii mmezoea kuniona nikihoji maamuzi ya wengine. Leo ninahoji la kwangu.

Kwa msomaji asiyeijua Njombe: mji uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukiendelea kupanda kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo, baridi inazidi. Ni nchi ya viazi mviringo, chai, pareto, misitu ya kupandwa, na siku hizi parachichi. Mwezi Juni na Julai zipo alfajiri ambazo nyasi zinaamka nyeupe. Hiyo ndiyo jalidi: unyevu wa hewa unaoganda juu ya majani katika usiku wa anga safi usio na upepo, pale ardhi inapopoteza joto lake lote la mchana. Mchungwa haukuumbiwa nchi hiyo. Hustawi katika joto, huacha kukua hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 13 hivi, na nyuzi chache tu chini ya sifuri, zikidumu saa kadhaa, huunguza majani yake na kugandisha maji ndani ya tunda. Haufi kwa sababu mwaka ulikuwa wa baridi. Unakufa kwa sababu ya saa nne au tano za usiku mmoja.

Baba hakuwa mtaalamu wa kilimo, lakini alikuwa na subira ya kutazama. Mwaka wa kwanza hakuupanda mche ardhini. Aliuweka katika debe lililotobolewa, akauingiza ndani kila jioni, na alfajiri akawa anatembea kuangalia jalidi imelala wapi. Aligundua kwamba bondeni, kando ya kijito, ambako udongo ni mweusi na wenye rutuba, nyasi ziliamka nyeupe mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Juu kabisa kilimani upepo ulikuwa mkali. Katikati ya mteremko kulikuwa na ukanda ambako nyasi zilibaki na rangi yake. Alipomsimulia rafiki yake, yule mzee alicheka. Hilo kila mchunga ng'ombe alilijua. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, hutiririka usiku kama maji, na hujikusanya mabondeni. "Baridi ni mto, Mwalimu," alisema. "Usijenge kitanda cha mgeni wako mtoni."

Basi mchungwa ukapandwa katikati ya mteremko, nyuma ya nyumba yetu, upande wa kaskazini. Upande huo haukuchaguliwa kwa bahati. Huku kusini mwa ikweta, jua la Juni na Julai hupita kaskazini, hivyo ukuta wa matofali ya kuchoma ulikunywa joto mchana kutwa na kulirudisha polepole usiku. Yule mzee alimshauri baba afungue ua upande wa chini, kwa sababu ua uliozibwa huizuia hewa ya baridi kama bwawa linavyozuia maji. Kila mwezi Mei baba aliondoa nyasi zote zilizotandazwa chini ya mti na kuacha udongo wazi, kisha akaumwagilia maji, maana udongo mtupu wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko udongo uliofunikwa. Hakutia samadi karibu na majira ya baridi, ili mti usichipue majani machanga wakati mbaya. Tena alirundika udongo kuzunguka shina, kichuguu kidogo kilichofika kimo cha goti, na kukiondoa Septemba.

Kichuguu hicho kilikuwa na sababu yake, na ninaomba msomaji aikumbuke. Mche wa Muheza ulikuwa wa kubebesha, yaani miti miwili iliyounganishwa kuwa mmoja: chini ni shina la mlimao wenye nguvu, na juu yake kikonyo cha mchungwa mtamu. Sehemu ile palipounganishwa haiko mbali na ardhi. Baridi ikiua kila kitu juu ya kiungo, mizizi inaweza kuwa hai na mti ukachipua tena, lakini kitakachochipua ni mlimao. Udongo uliorundikwa juu ya kiungo unahifadhi vidole vichache vya mchungwa wenyewe.

Usiku wa baridi kali mti ulifunikwa blanketi. Lilikuwa blanketi la wageni, na mama hakuchoka kulalamika kwamba katika nyumba hii mti unalala vizuri kuliko shemeji zake.

Mwaka wa sita ulizaa, na mazao yale ya kwanza yalitushangaza mara mbili. Kwanza kwa rangi. Muheza chungwa likiiva hubaki na ukijani, kwa sababu usiku wa pwani una joto na kijani cha ganda hakiondoki. Ni usiku wa baridi unaokiondoa. Baba alikuwa amekula machungwa tangu hajaota meno, lakini siku hiyo ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza, mtini, rangi ambayo lugha yetu inaiita ya machungwa. Alisimama pale kwa muda bila kusema kitu. Mshangao wa pili ulikuwa ladha. Tunda lilikuwa kali, maana joto la Njombe halikutosha kupunguza uchachu wake. Baba alilila lote, akazitema mbegu kiganjani, akasema: "Tamu." Nasi watoto tukaitikia kwa nyuso zilizokunjamana.

Nilikuwa darasa la saba alipokwenda kuzika Muheza na kuniachia kazi ya mti. Maagizo yalikuwa mafupi: jioni upepo ukitulia na nyota zikiwa nyingi, funika. Alipoondoka tulipata wiki nzima ya mawingu na joto la kiasi. Siku ya nane mawingu yalifunguka, upepo ukatulia, nyota zikajaa. Nilitoka nje, nikatazama juu, nikahesabu siku saba zilizopita. Nilijiambia kwamba mambo yanakwenda vizuri, nikaenda kulala. Asubuhi majani yalikuwa kama mchicha uliochemshwa. Adhuhuri yalikuwa meusi.

Baba aliporudi hakunipiga. Wala hakuukata mti, ingawa jirani mmoja alileta panga. Alisema mti haukatwi siku ya msiba, kwa sababu siku hiyo hujui bado kilichokufa kimeishia wapi. Alingoja hadi Oktoba. Matawi yalikauka, shina likakauka, mpaka kwenye kichuguu. Alipofukua udongo kwa mikono tulikuta gome la kijani, na juu kidogo ya kiungo, vichipukizi viwili. Ulikuwa mchungwa, si mlimao. Baada ya miaka minne tulikula matunda yake tena, makali kama kawaida.

Nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwamba baba hakuwa peke yake. Historia ya mchungwa nje ya nchi zake za joto ni historia ya watu wanaokesha. Kwenye kingo za Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, wakulima wa malimau walijenga matuta yenye ukuta mrefu na safu za nguzo za mawe. Kila majira ya baridi yalipokaribia walifunika bustani nzima kwa mbao na vioo, na usiku mbaya waliwasha moto ndani. Ufaransa, mfalme Louis wa 14 alijengewa na Jules Hardouin-Mansart, kati ya 1684 na 1686, jumba maalumu la kuhifadhi michungwa katika kasri la Versailles. Miti ilipandwa katika masanduku, ikaingizwa ndani kabla ya baridi na kutolewa majira ya kuchipua. Mfalme alikuwa na watumishi wa kuibeba, na baba alikuwa na mimi, lakini kanuni ilikuwa ile ile.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Florida, Marekani. Desemba 1894 baridi kali iliunguza mashamba ya machungwa ya jimbo hilo. Matunda yalipotea, lakini miti mingi haikufa. Januari ikaja na joto zuri. Miti ikatoa majani mapya, utomvu ukapanda, wakulima wakapumua. Februari 1895 baridi ikarudi, ikaikuta miti iko uchi, ikaipasua magome na kuiua hadi mizizini. Watu wengi walihama. Angejumlisha mtu joto la majira yale na kuligawa kwa idadi ya siku, joto zuri la Januari lingehesabiwa kuwa ni nafuu. Lakini ni joto hilo hilo lililoiandaa miti kufa.

Haya yote nilikuwa ninayajua nilipofanya nililolifanya. Ndiyo sababu ninayaeleza kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa washauri waelekezi wa mradi wa kugawa miche ya matunda katika vijiji vya Nyanda za Juu. Sitautaja mradi wala waliougharimia, kwa kuwa hoja yangu leo hainihitaji nimnyooshee mwingine kidole. Hadidu za rejea zilinipa sehemu ya masuala ya jamii, lakini muda ulipobana, mimi ndiye niliyeombwa kuunganisha sura zote za upembuzi yakinifu. Mezani nilikuwa na jedwali. Wastani wa joto wa mwaka ulikuwa juu ya nyuzi 13. Wastani wa mvua ulitosha. Nikaandika: "Kwa kuzingatia wastani wa hali ya hewa, eneo la mradi linafaa kwa kilimo cha michungwa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kalamu haikusita. Ningependa kusema sikukumbuka. Nilikumbuka. Nilimwona baba amepiga magoti na mikono yake katika udongo. Lakini nilikuwa nimesoma mpaka nikafika mahali ambapo kumbukumbu ya baba niliiona kuwa hadithi, na jedwali nikaliona kuwa ndiyo elimu. Sikuuliza vipimo vile vilichukuliwa wapi. Vilitoka katika kituo kilicho mahali pa juu, kwa kipimajoto kilichomo ndani ya kisanduku cheupe, karibu kimo cha kifua cha mtu. Katika usiku mtulivu wa anga safi, ardhi huwa baridi kuliko hewa ya kimo hicho kwa nyuzi kadhaa, na bonde huwa baridi kuliko kilima. Jedwali halikudanganya. Lilijibu swali ambalo mchungwa haukuuliza.

Miche ilinunuliwa nchi ya joto, yote ikiwa imebebeshwa juu ya mlimao. Shina hilo ni zuri sana Muheza, lakini katika baridi ni miongoni mwa yale yanayoudhoofisha mchungwa, kwa sababu huuhimiza ukue wakati unapopaswa kutulia. Huko Uchina na Japani, ambako machenza huvumilia baridi kubwa kuliko michungwa yetu, wakulima hubebesha juu ya mti wa majani matatu, jamii ya mchungwa mwitu unaopukutisha majani na kulala majira ya baridi. Hilo halikuwamo katika zabuni. Mashamba darasa yaliwekwa mabondeni, ambako udongo ni mzuri na gari la wageni linafika. Maelekezo yalisema watandaze nyasi nene chini ya miche kuhifadhi unyevu. Juu ya kichuguu, hapakuwa na neno.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mwema, na picha zilipigwa. Julai ya mwaka wa pili ukaja usiku mmoja.

Ripoti ya kufunga mradi ilikuwa na aya nne juu ya vifo vya miche. Sentensi iliyobeba uzito ilisema kwamba sehemu kubwa ya hasara ilitokana na wakulima kutozingatia ipasavyo maelekezo ya wataalamu. Sikuiandika mimi sentensi hiyo. Niliisoma, nikaiona ina walakini, nikatia saini.

Uchina kuna kisa cha kale, cha zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, kinachohusu jambo hili hili. Waziri Yanzi wa dola ya Qi, iliyo kaskazini, alitumwa ujumbe dola ya Chu, kusini. Mfalme wa Chu alitaka kumfedhehesha, akapanga mtu afungwe kamba na kupitishwa mbele ya karamu kama mwizi mwenye asili ya Qi, kisha akamuuliza waziri iwapo watu wa kwao ndio kawaida yao kuiba. Yanzi akajibu kwa mfano wa mchungwa. Mti ule ule, alisema kwa maana hiyo, ukiota kusini mwa Mto Huai huzaa machungwa. Ukiota kaskazini, huzaa matunda machungu, ingawa majani yanafanana. Tofauti ni maji na ardhi. Mtu huyu hakuwa mwizi kwao. Amekuja kwenu, amekuwa mwizi. Je, si ardhi yenu ndiyo iliyomfanya hivyo? Mfalme akaona aibu.

Mimi husoma kisa hicho kwa macho ya mtoto aliyefukua kichuguu. Huenda tunda chungu la kaskazini lilikuwa tu shina la chini, lililobaki hai baada ya mti wa juu kufa kwa baridi. Vyovyote iwavyo, Yanzi alikataa desturi ambayo sisi wa ofisini tumeizoea mno: mti ukifa, kumlaumu aliyeupanda badala ya kumuuliza aliyechagua mahali.

Mwaka huu yule mzee rafiki wa baba alifariki, nami nilikwenda Njombe kumzika. Siku ya tatu nikaomba mtu anifikishe katika kijiji kimoja cha mradi. Nilimkuta mama mmoja, mjane, akipalilia viazi. Nilimfahamu: alikuwamo katika kikundi cha kwanza, na alikuwa ameacha robo eka ya viazi ili apande miche thelathini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Kumbe na nyie huwa mnarudi."

Alinionyesha mahali. Michungwa haikuwapo tena, lakini katika mashina matano au sita kulikuwa na vichaka vya kijani vyenye miiba mirefu. Yalikuwa malimau. Kiungo hakikufunikwa, mchungwa wote ulikufa, na kilichokuwa chini ya ardhi kikapanda juu kwa jina la kilichokuwa juu. Nilimweleza, huku nikitafuta maneno, kwamba takwimu zetu zilionyesha eneo lile kwa wastani lina joto la kutosha. Akasimama, akaegemea jembe.

"Hata siku ile mlituambia hivyo. Kwa wastani, kwa wastani. Mwalimu, huyo wastani analala wapi? Maana usiku ule huku bondeni hatukumwona."

Sikuwa na jibu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kutokana na ile ripoti, orodha ilitengenezwa ya wakulima waliopoteza miche, ikionekana kuwa ndio wasiofuata maelekezo. Miche ya parachichi ilipokuja baadaye, ambayo jirani zake wengine sasa wanaivunia, majina yaliyomo katika orodha hiyo yaliachwa. Alikwenda kuuliza mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa, kwa heshima kabisa, kwamba ndivyo inavyosomeka.

Ndugu zangu watumishi wa umma, na ninyi wanafunzi mtakaokuwa watumishi hao: kwa miaka mingi nimewafundisha wastani, na sitaacha, kwa sababu bila wastani dola haiwezi kupanga hata ununuzi wa chaki. Lakini wastani ni chombo cha anayetazama kutoka mbali, na asiyelipa gharama ya usiku mmoja. Tunasema wastani wa umbali hadi kituo cha afya ni kilometa kadhaa, ilhali mjamzito hujifungua usiku ule ambao daraja limechukuliwa na maji. Tunasema pato la wastani limepanda, ilhali familia huuza ng'ombe wa mwisho katika ule mwezi mmoja wa ugonjwa. Kinachowavunja watu aghalabu si mwaka mbaya. Ni saa chache ambazo hakuna aliyezipanga, na ambazo zikigawanywa kwa siku 365 hazionekani kabisa.

Isieleweke kwamba ninasema machungwa yasipandwe Njombe, kila mahali pabaki na kilichozoeleka. Huo nao ni uvivu wa fikra, na baba angeukataa. Mchungwa wake uliishi. Uliishi kwa sababu kabla ya kuupanda aliuliza maswali ambayo mimi, mwenye shahada tatu, sikuyauliza: usiku ulio mbaya kuliko yote hapa hufikia wapi, baridi inalala wapi, na yakitokea hayo, ni kitu gani kilichofunikwa ili mti uanze tena ukiwa ni ule ule? Tena aliuliza watu waliokuwa wakichunga ng'ombe alfajiri, si kwa kuwaonea huruma wala kwa kujaza sehemu ya ushirikishwaji wa jamii, bali kwa sababu wao ndio waliokuwa na takwimu.

Yule mama hakuniomba pole, na nilipompa, aliipokea kama mtu anavyopokea salamu. Aliniuliza swali moja tu: "Kilichoandikwa, kinafutika?" Nilimwambia sijui, lakini aliyeandika yupo hai.

Nimeandika barua kwa ofisi inayohusika. Nimeeleza kwamba upembuzi yakinifu ulikosea, kwamba kosa ni la kitaalamu na la kwangu pia, kwamba maelekezo yaliyotolewa yaliongeza madhara kwa wale hasa walioyafuata, na kwamba majina yaliyomo katika ile orodha yaondolewe. Nimeambatisha maelezo ya kipimajoto, ya bonde, na ya kiungo cha mche. Nimetia saini, kama nilivyotia mara ya kwanza. Barua ina wiki tisa sasa, na jibu halijaja. Nitaipeleka tena kwa mkono wangu, na wiki itakayofuata nitarudi kule kijijini, hata nikiwa mikono mitupu.

Siku ile wakati wa kuagana mama alichuma malimau, akayafunga katika kitambaa, akanipa. Alisema hayo ndiyo mavuno ya mradi, na mimi nina haki ya fungu langu. Nimekuwa nikiyakamulia katika chai. Ni makali sana, na bado yamebaki manne.